Bayogesi haitoki kwenye saruji

Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa kitaifa unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Tangu hapo, mtungi wa gesi ndio unaotamba majukwaani. Mfugaji mwenye ng'ombe wawili watatu bandani ana gesi nyingine, ya samadi ya uani kwake, isiyopangiwa bei na soko la dunia. Wala si jambo geni: kituo cha teknolojia vijijini cha CAMARTEC, Arusha, kilianza kueneza mitambo ya bayogesi miaka ya 1980, na mwaka 2009 ukaja mpango wa kitaifa wa mitambo ya majumbani.

Hata hivyo, si ajabu kukuta mtambo ulioachwa. Kuba la mtambo ni zima, bomba halivuji, lakini mwenye nyumba amerudi kwenye kuni. Lawama humwangukia fundi. Mara nyingi fundi hana kosa. Waliokufa ni viumbe waliokuwa wakiitengeneza gesi, na hakuna aliyemweleza mwenye mtambo kwamba amepewa mfugo mwingine wa kutunza.

Viumbe hao hufanya kazi kwa kupokezana, gizani, pasipo hewa. Bakteria wa kwanza hutoa vimeng'enya vinavyovunja wanga, protini, mafuta na nyuzi za majani. Wa pili huchachusha kilichovunjwa kuwa asidi mbalimbali. Wa tatu huzigeuza asidi hizo kuwa asidi ya siki, hidrojeni na kabonidayoksaidi. Hatua ya mwisho, ya kutengeneza methani, hata si ya bakteria. Ni ya arkea, jamii ya viumbe ambayo Carl Woese na George Fox waliitenga na bakteria mwaka 1977.

Utegemeano wao ni wa kufa na kupona. Hidrojeni ikirundikana, kundi la tatu hukwama. Ni lazima arkea waile. Kwa miaka mingi wanasayansi walikuwa na kiumbe mmoja maabara waliyeamini anageuza alkoholi kuwa methani peke yake. Mwaka 1967 Marvin Bryant na wenzake wakagundua kuwa walikuwa viumbe wawili, kila mmoja akiishi kwa kazi ya mwenzake.

Hapo ndipo mitambo inapoharibikia. Watengeneza asidi huongezeka kwa saa, watengeneza methani kwa siku. Anayerundika maganda na makombo kwa pupa huwashibisha wa kwanza na kuwalemea wa mwisho. Asidi hupanda, moto hufifia. Baridi nayo huwapunguzia kasi, kwa kuwa hustawi zaidi kwenye nyuzi joto 35 hivi. Mtambo wa Njombe hauwezi kwenda sawa na wa Tanga. Maji ya dawa ya kusafishia banda huwaua, na samadi ya ng'ombe aliyechomwa antibayotiki inaweza kuwadhuru.

Wakitunzwa, wanaweza mengi. Huko Hale, mkoani Tanga, mwaka 2008 ulizinduliwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa mabaki ya mkonge, zao ambalo nyuzi zake ni sehemu ndogo tu ya jani na kilichobaki kilikuwa kikitupwa.

Wapo watakaosema kikwazo halisi ni gharama ya ujenzi. Ni kweli, ujenzi si wa bei ya chini, na ruzuku inahitajika. Lakini ruzuku inayoishia siku kuba linapokamilika inanunua saruji tu. Igawanywe: sehemu ilipwe ujenzi ukikamilika, nyingine mwaka mmoja baadaye, jiko likiwa bado linawaka.

Na wa kukagua yupo tayari. Afisa mifugo anayepita bandani kuchanja na kutibu ndiye anayejua ng'ombe yupi yuko kwenye dawa na samadi ya nani itengwe. Somo la bayogesi liingizwe kwenye mafunzo yake, na mkobani aongezewe karatasi za kupimia asidi, ili agundue mtambo unaoumwa kabla moto haujazimika.