Ukipunguza watu, ndo umepona?

Juzi kaka yangu kapunguzwa kazi kwenye kampuni ya programu hapa Uingereza. Mama kauliza, "Sasa ndo kampuni itapona?"

Tuangalie. Yahoo ilipunguza watu mara nyingi. Mwaka 2012 ilitangaza kuwaondoa 2,000 kwa mkupuo. Bado mwaka 2017 biashara yake ya intaneti ikaishia kuuzwa kwa Verizon. Nintendo je? Wii U ilipododa, mwaka 2014 bosi Satoru Iwata alijipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa nusu, miezi 5. Watengeneza michezo wakabaki. Switch ikatoka 2017, ikanunuliwa kama njugu.

Kupunguza watu kunashusha gharama, sawa. Lakini bidhaa iliyododa haiponi hivyo, Mama. Pengine anayejua dawa ndo huyo aliyeonyeshwa mlango. Nyie mnaonaje?