Ngome Bila Askari

Wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mnamo 1969 Pierre Trudeau, Waziri Mkuu wa Kanada wakati huo, aliwaambia Wamarekani kuwa kuishi kando yao ni kama kulala na tembo: hata akiwa mpole, kila ajigeuzapo humtikisa mwenziwe.

Mwaka 2025 tembo aligeuka. Rais Donald Trump alizitoza ushuru bidhaa za Kanada, akarudia kusema nchi hiyo yafaa iwe jimbo la 51 la Marekani. Nayo Kanada ilikuwa ikiuza huko karibu robo tatu ya bidhaa zake za nje!

Katika uchaguzi wa Aprili 28, wazee wengi walimchagua Mark Carney, aliyepata kuwa gavana wa benki kuu, wakitaka nahodha wa kulikabili wimbi hilo. Vijana wengi walimwelekea mpinzani wake, Pierre Poilievre, kwani kilio chao kilikuwa bei ya nyumba. Carney akashinda.

Wako wasemao vijana hao hawana uzalendo. La hasha! Mzee huitetea nchi akiwa ndani ya nyumba aliyoinunua zamani kwa bei nafuu. Kijana asiye na chumba ataitetea kwa moyo gani?

Juni mwaka huo Carney alitia sahihi makubaliano ya ulinzi na Umoja wa Ulaya. Ni vyema kutafuta marafiki wengine. Lakini, ndugu msomaji, mimi naona serikali imsahauyo kijana inajenga ngome bila askari.