Ghala Lililojaa, Walinzi Wenye Njaa

Mwulize mzee yeyote wa Kihanga, wilayani Karagwe, habari za Warusi. Hatakutajia Tolstoy wala Gagarin, atakutajia mlio. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka na kuikalia ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera, na ndege zilizotumwa kulibomoa daraja la Kyaka zilikuwa MiG za Kirusi. Zilikosa shabaha, mwishowe daraja likaangushwa kwa baruti. Jeshi letu la Tanzania lilipojibu, roketi zilizovurumishwa ng'ambo, zile Waganda walizozibatiza jina la Saba Saba, nazo zilikuwa kazi ya viwanda vya Kisovieti. Pande zote mbili za mto zilipigana kwa chuma cha fundi mmoja.

Kumbukumbu hiyo ni halali, lakini ni nyembamba. Upande wa pili wa Ziwa Victoria, huko Kisumu nchini Kenya, hospitali kuu ya Nyanza bado inaitwa Russia na wenyeji, kwa kuwa Wasovieti ndio walioijenga. Hata hiyo ina damu mlangoni: siku Rais Jomo Kenyatta alipokwenda kuifungua, tarehe 25 Oktoba 1969, alirushiana maneno na mpinzani wake Oginga Odinga hadharani, na askari wakawafyatulia risasi raia. Zanzibar nayo, baada ya Mapinduzi, Hospitali ya Mnazi Mmoja ilikaa miaka mingi ikiitwa V. I. Lenin.

Toleo hili linaizungumzia Urusi ya enzi za ukomunisti, na msomaji atakutana humo na mambo anayoyatarajia: reli ya chini ya ardhi ya Moscow iliyofunguliwa mwaka 1935, stesheni zake zimepambwa kwa marumaru kama kumbi za wafalme waliopinduliwa, mnara wa Chuo Kikuu cha Moscow wa mwaka 1953, Yuri Gagarin akiizunguka dunia tarehe 12 Aprili 1961, takriban miezi minane kabla ya uhuru wa Tanganyika, na Valentina Tereshkova akimfuata angani miaka miwili baadaye. Sina ugomvi na hayo. Naomba tu asianze nayo. Aanze na jengo lisilo na mnara, lililo kwenye Uwanja wa Mtakatifu Isaka mjini Leningrad, mji ambao leo umerudia jina lake la St Petersburg.

Huko ndiko mtaalamu wa mimea Nikolai Vavilov alikokuwa akikusanyia mbegu tangu miaka ya 1920. Alisafiri mabara kadhaa akichota ngano, shayiri, mahindi, kunde na viazi kutoka mashamba ya watu wa kawaida, akiamini kwamba pale zao lilipo na aina nyingi kuliko kwingine, hapo ndipo pa kulitafutia asili yake. Mwaka 1927 alifika Ethiopia, akapokewa na Ras Tafari, aliyekuja kuwa Haile Selassie, na katika mashamba ya wakulima wa milimani akakuta ngano za namna ambazo hakuwahi kuziona. Kwake yeye mkulima yule asiyejua kusoma hakuwa mtu wa kuelimishwa kwanza. Alikuwa mtunza hazina, na ilibidi aulizwe kwa adabu.

Sisi wa Karagwe na Kyerwa tunapaswa kumwelewa mtu huyu haraka kuliko wasomaji wengi. Kahawa ya robusta ni mwenyeji wa ukanda huu. Babu zetu waliichemsha na kuitafuna kabla Mjerumani hajafika na hesabu zake za mashamba. Ndizi zilitoka Asia, lakini za kupika na za pombe zilipofika nyanda hizi za maziwa makuu zilizaliana namna nyingi ambazo hazipatikani kwingine duniani. Kazi hiyo haikufanywa na maabara. Ilifanywa vibanjani, yaani katika mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, na bibi aliyeng'oa chipukizi moja akaliacha jingine.

Turudi Leningrad. Tarehe 8 Septemba 1941 Wajerumani waliuzingira mji huo. Novemba mwaka huo posho ya mkate kwa asiye mfanyakazi ilishuka hadi gramu 125 kwa siku. Ndani ya jengo la Vavilov mlikuwa na maelfu ya pakiti za nafaka na mikunde. Dmitri Ivanov, mtunza mpunga, alikufa kwa njaa akiwa amezungukwa na mpunga. Alexander Shchukin, mtaalamu wa karanga, alifia mezani pake. Wenzao kadhaa walikufa vivyo hivyo, na mbegu hazikuliwa. Wapo wanaouliza kama ilikuwa haki kufungia chakula ghalani huku watoto wa mji wanakufa. Swali hilo si la kipuuzi, na mimi sina jibu lililonyooka. Najua tu kwamba pakiti zile zisingeulisha mji wa mamilioni hata kwa siku moja, na kwamba mashamba ya baada ya vita yalizihitaji.

Vavilov mwenyewe hakuwapo. Alikuwa amekamatwa Agosti 1940, akahukumiwa kifo, adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo, na tarehe 26 Januari 1943 akafa katika gereza la Saratov, mwili umeisha kwa utapiamlo. Mpinzani wake, Trofim Lysenko, alikuwa amempendeza Stalin kwa ahadi za mavuno ya haraka. Alikana habari ya jeni, na Agosti 1948 elimu ya jeni ikapigwa marufuku kwa baraka za chama. Walimu wakafukuzwa, vitabu vikaondolewa. Ilichukua hadi katikati ya miaka ya 1960 kwa nchi hiyo kujinasua.

Kwa hiyo siwezi kuikubali sayansi ya Kisovieti kama gwaride la ushindi, wala siwezi kuitupa. Dola lile lile lililomrusha Gagarin ndilo lililomfunga Vavilov, na nadhani sababu iko wazi. Roketi ikikosewa hesabu hulipuka mbele ya wakubwa wenyewe. Shamba likikosewa hesabu, taarifa ya mavuno inaweza kurekebishwa ofisini, na anayelala njaa yuko mbali na ofisi.



Nayasema haya kwa sababu ghala letu linapungua na hakuna aliyetuzingira. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba, huu tunaouita unyanjano, uliripotiwa mkoani Kagera, na tangu hapo kuna vibanja vilivyofyekwa vyote. Kabla yake, wadudu na minyoo ya mizizi walikuwa wameshaidhoofisha migomba, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi uliogharamiwa na Ubelgiji ulituletea aina chotara ziitwazo FHIA kutoka Honduras. Zilizaa mikungu mikubwa na ziliokoa kaya nyingi, hilo tunakiri. Lakini muulize mama anayepika ladha imekwenda wapi. Mgomba haufungwi kwenye pakiti kama mpunga wa Ivanov: aina isipopandwa imekufa, labda iwe imehifadhiwa kwenye chupa za maabara huko Leuven, Ubelgiji, au kwenye mashamba ya utafiti kama ya Maruku.

Maharage yana shida nyingine. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inataka mbegu inayouzwa iwe imethibitishwa ubora, na siipingi, maana mbegu feki zimewaliza wengi. Tumepewa pia mlango wa mbegu za kuazimiwa ubora, ambazo wakulima wadogo huruhusiwa kuzalisha kwa ukaguzi mwepesi zaidi. Hata hivyo maharage mchanganyiko anayoyatunza mama kwenye chungu chenye majivu hayana cheti wala mtetezi, na sheria ikikaa kimya kuhusu kitu, ofisi hukiona hakipo. Nataka halmashauri zetu mbili, Karagwe na Kyerwa, zitenge kila moja ekari chache, kwenye shule za sekondari ikibidi, zipandwe kila aina ya mgomba na harage inayopatikana katika kata zake, na jina la aliyeileta liandikwe. Gharama yake haifiki ya semina moja ya viongozi.

Jarida hili linaanza kutimiza sehemu yake. Kurasa nne za mwisho tumeziacha kwa orodha ya migomba. Tumeshaandika enchoncho, enshakala, gonja na kisubi. Mwenye jina ambalo halimo, pamoja na kitongoji linakopatikana na kazi ya ndizi yake, kama ni ya kupika, ya pombe au ya kuchoma, alete kabla toleo lijalo halijaenda mtamboni.