Mkulima wa waru na simu isiyo na Google

Ukiwaambia watu wa Dundori kwamba ipo simu janja isiyo na kitu chochote cha Google ndani yake, utapewa jibu moja kati ya mawili. La kwanza: hayo ni mambo ya Wazungu na vijana wa kompyuta wa Nairobi. La pili: mimi mkulima wa waru, nina siri gani ya kuficha? Nimeyasikia yote kwenye matatu ya Nakuru, na husemwa kwa uhakika wa mtu aliyemaliza mjadala. Mimi sikubaliani na lolote kati ya hayo.

Tuanze na siri. Simu yako haijabeba mambo yako peke yako. Mna nambari ya dalali anayekuja na lori kuchukua waru aina ya Shangi, ya mweka hazina wa chama, ya mwalimu wa mtoto, ya mama mkwe. Wakenya tulifundishwa somo hili na programu za mikopo: mtu anakopa elfu mbili, anachelewa kulipa, na anayepigiwa simu na kutukanwa ni mama mkwe, ambaye hakukopa wala hakubonyeza "kubali" popote. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zilipiga marufuku mchezo huo. Hata hivyo, Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilibidi iitoze kampuni ya Mulla Pride, yenye KeCredit na Faircash, faini ya Sh2,975,000. Anayesema hana cha kuficha anawasemea watu wote walio kwenye simu yake, na hajawauliza hata mmoja.

Utasema hao ni wakopeshaji, si Google. Kweli, na Google yenyewe mwaka huohuo wa 2023 ilizikataza programu za mikopo kusoma majina ya watu walio kwenye simu ya mkopaji. Lakini mwaka 2021 Douglas Leith wa Chuo cha Trinity, Dublin, alipima akakuta simu ya Android iliyolala tu mezani huwasiliana na Google kila dakika nne na nusu kwa wastani. Simu ya iPhone nayo haikuwa nyuma katika kuripoti kwa Apple. Kwenye simu za Android, mifumo mbadala isiyo na programu za Google, kama LineageOS na GrapheneOS, huikata tabia hiyo kwa sehemu kubwa. GrapheneOS inakwenda mbali zaidi: programu ikidai majina hayo, unaweza kuiachia iamini imepewa yote, kumbe inatazama orodha tupu. Mama mkwe analala salama.

Sasa hilo la Wazungu. Huko Ulaya, anayetaka kuachana na Google huhofia kwanza programu ya benki, kwa kuwa baadhi hukataa kufunguka kwenye mfumo usioidhinishwa na Google. Hapa kwetu je? M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya simu ya kwanza ya Android kuuzwa. Menyu yake imo kwenye laini, na ukipenda unabonyeza *334#. Mbolea, nauli, karo, malipo ya maziwa, yote hupita hapo, na kabambe ya mzee inayafanya sawasawa na simu ya elfu hamsini. Yaani kikwazo kinachomsumbua Mjerumani, mkulima wa Dundori hajawahi kuwa nacho.

Kikwazo chake ni kingine, na ndicho tungepaswa kukijadili kwenye matatu badala ya siri. GrapheneOS hukaa tu kwenye Pixel, simu ya Google yenyewe (kichekesho, najua). Tecno, Infinix na itel zilizojaa madukani Nakuru, nyingi hazina mfumo mbadala unaotunzwa. Na simu ya kulipia kidogo kidogo, kama zile za mpango ambao Safaricom na Google waliuanza mwaka 2020 wa Sh20 kwa siku, hujifunga ukikosa kulipa. Hiyo usiiguse hadi deni liishe, kwa maana si yako bado. Tena usidanganyike: Safaricom itaendelea kujua umemlipa nani na lini. Kumtoa Google hakumtoi mwenye mtambo.

Kwa hiyo simwambii mtu atupe simu aliyo nayo. Ingia kwenye mipangilio leo, uzinyime majina programu zote zisizoyahitaji. Hilo halikugharimu hata bando. Na siku ukishuka Nakuru kununua nyingine, hata ya mtumba, chukua jina kamili la modeli, ulitafute kwenye orodha ya LineageOS kabla hujatoa pesa mfukoni.