Sanduku la fundi haliuzwi kwa kilo

Jumapili ya leo nataka tuzungumze juu ya mali iliyomo katika nyumba nyingi za pwani, chini ya kitanda au nyuma ya mlango wa jikoni, lakini ambayo hakuna anayeihesabu kuwa ni mali. Nasema juu ya sanduku la fundi: randa, misumeno, patasi, tezo na nyundo alizoacha baba au babu.

Mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa vyombo vya baharini kijijini Matondoni, katika kisiwa cha Lamu. Wanaoijua Matondoni wanajua kwamba kazi ya kijiji hicho ni kuunda mashua na majahazi, na kwamba mtoto hukua akisikia nyundo za mafundi kabla hajajua kusoma. Mjomba alipofariki, wazee walikaa wakazungumza juu ya nyumba, minazi na deni la dukani. Sanduku halikutajwa na mtu.

Miezi minane baadaye nilitoka Mombasa kwenda Lamu kuhudhuria harusi. Nilipofika Matondoni nilimwuliza mkaza mjomba kuhusu lile sanduku, kwani nilitaka kuliona tu, nikumbuke.

"Sanduku?" akasema. "Watoto wameliuza, mwanangu. Alipita mtu wa vyuma vikuukuu na mizani yake. Kilo kumi na moja."

Walilipwa shilingi 440. Zilinunua sukari, unga na mafuta ya taa, na sanduku lenyewe, kwa kuwa ni la mbao, likakatwa kuni.

Sikumlaumu, na nakuomba wewe msomaji usimlaumu. Vyuma vilikuwa vimeshika kutu, watoto wake wawili wanafanya kazi nyingine, na marehemu hakumwambia mtu yeyote thamani ya alichokuwa nacho. Kwa mjane mwenye wajukuu ndani ya nyumba, shilingi 440 ni kitu, na kutu si kitu.

Kesho yake nilizunguka mjini Lamu hadi nikafikishwa kwa mnunuzi mwenyewe. Uani kwake palikuwa na lundo la injini za boti, vitanda vya chuma, mabati na sufuria zilizotoboka, vyote vikingoja kuvushwa hadi Mokowe na kupakiwa lori. Tezo za mjomba zilikuwa zimekwisha kuondoka na mzigo wa kwanza. Kekee nayo haikuonekana. Nilichokipata ni randa moja ya chuma na msumeno mmoja.

"Dada, kwangu chuma ni chuma," akaniambia yule bwana, tena kwa upole. Lakini alipoona vidole vyangu vinatetemeka akajua kwamba si chuma tu, akanitoza shilingi 1,200. Nikalipa.

Nilipokwangua kutu kwa ukucha, herufi zilianza kutokea kwenye ile randa. Mbele iliandikwa Bailey, ikafuata No 5, na nyuma, karibu na mpini, Made in U.S.A.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza, na niliyoyajua nakusimulia nawe.

Zamani randa nyingi zilikuwa gogo la mti lenye kisu kilichobanwa kwa kabari. Ukitaka kisu kitoke zaidi au kirudi ndani, unagonga kwa nyundo, unajaribu, unagonga tena. Mmarekani mmoja, Leonard Bailey, ndiye aliyebuni randa ya chuma yenye gurudumu dogo la shaba nyuma ya kisu. Ukilizungusha kwa kidole, kisu kinashuka au kinapanda kwa unene wa unywele. Mwaka 1869 kampuni ya Stanley ya mji wa New Britain, jimbo la Connecticut, ilinunua haki za ubunifu wake, na randa hizo zikasambaa dunia nzima. Zilipewa nambari kwa ukubwa, kuanzia 1 iliyo ndogo kabisa hadi 8 iliyo ndefu. Nambari 5 ina urefu wa futi moja na zaidi kidogo, na ndiyo randa ya kazi zote: inaparuza ubao, inanyosha ukingo, inalainisha.

Msumeno nao ulikuwa na kidude cha shaba cha mviringo mpinini, mfano wa sarafu, chenye jina Disston na mji wa Philadelphia. Henry Disston alizaliwa Uingereza, akafika Philadelphia mwaka 1833 akiwa kijana wa miaka 14. Babake alifariki siku chache tu baada ya kushuka melini. Yule yatima akajifunza kazi ya kutengeneza misumeno, na mwaka 1840 akafungua karakana yake mwenyewe, iliyokuja kuwa kiwanda cha misumeno kilichojulikana kila pembe ya dunia.

Mwaka huohuo wa 1833 alioshuka melini kijana Disston, Sayyid Said, aliyetawala Oman na Zanzibar na ambaye Lamu pia ilikuwa chini yake, alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Meli za mji wa Salem zilikuja kuchukua pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Zilileta nguo, na hata leo bibi zetu wakitaka kitambaa kile kigumu cha pamba huomba dukani "marekani". Kwa hiyo usishangae, msomaji, kuona jina la mji wa Marekani katika mkono wa fundi wa Matondoni. Pwani hii ilizoea kupokea cha mgeni na kukifanya chake. Hata jina "randa" lenyewe tumelipata kwa Waajemi.

Lakini tusisahau zana zetu. Tezo ya kuchongea mataruma hufuliwa na wahunzi wetu. Kekee inayozungushwa kwa uta ndiyo iliyotoboa mbao za mitepe, vyombo vya kale vya visiwa hivi, ambavyo havikupigiliwa msumari hata mmoja bali vilishonwa kwa kamba za nazi. Katika sanduku la mjomba, cha Matondoni na cha Philadelphia vililala pamoja.

Huko Marekani kwenyewe kuna watu wengi ambao starehe yao ni kutafuta zana kama hizi. Siku za mapumziko hukutana viwanjani asubuhi na mapema, kila mmoja amepanga vitu vikuukuu juu ya meza au nyuma ya gari, wakauziana na kubadilishana. Wana hata vyama vyao, na kimoja kiliundwa mwaka 1933. Aliyewafungulia njia ni bwana mmoja wa mji wa Doylestown, jimbo la Pennsylvania, jina lake Henry Mercer. Mwaka 1897 alikwenda kwa mwuza vitu vikuukuu akitafuta koleo za mekoni, akakuta lundo la zana za mikono zilizotupwa kwa kuwa mashine zimeingia. Akaona kwamba ile takataka ndiyo iliyojenga nchi yake. Akaanza kukusanya, na mwaka 1916 akakamilisha jumba kubwa la zege la kuhifadhi zana hizo, ambalo lipo hadi leo.

Lundo alilolikuta Mercer mwaka 1897 ndilo nililolikuta mimi uani Lamu. Tofauti ni kwamba letu lilikuwa linangoja lori.

Mjini Lamu yupo mwalimu mmoja mstaafu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akinunua zana za mafundi waliofariki. Nilimpelekea randa yangu aitazame. Alinionyesha jinsi ya kuisafisha, na mafunzo yake yatakufaa hata kwa kisu cha jikoni, kwa sababu hewa ya chumvi haichagui chuma.

Fungua randa vipande vipande, utenge mbao na shaba. Chuma kitupu kiloweke katika siki usiku mmoja, kisha kisugue kwa brashi ya waya. Kioshe kwa maji yaliyotiwa magadi ili ukali wa siki ukatike, ukikaushe mara moja, usikiache hata saa moja na unyevu. Mwisho kipake mafuta ya cherehani. Usitumie mafuta ya nazi, kwani hukaa yakaganda. Usikipeleke kwa mwenye mashine ya kusaga chuma, wala usikipake rangi, maana utafuta herufi, na herufi ndizo cheti chake cha kuzaliwa. Nyingine zimeandikwa Made in England, kwa kuwa Stanley walitengeneza randa Sheffield pia. Hizo nazo ni nzuri.

"Na kabla hujainunua popote," mwalimu akaongeza, "itazame mdomoni na ubavuni. Chuma cha kusubu kikianguka hupasuka, na mpasuko haushoneki. Halafu tazama kisu kimebaki kiasi gani. Kikiwa kifupi, ujue fundi alikwisha kukila."

Basi nikawa na randa inayong'aa. Nia yangu, nakiri, ilikuwa kuiweka juu ya kabati la vitabu sebuleni kwangu Mombasa, pembeni ya picha ya mjomba, wageni wakija nipate la kusimulia.

Nilirudi Matondoni kuaga. Mjukuu wa mjomba, kijana wa miaka 19 anayejifunza kazi kwa fundi jirani, alinikuta barazani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Akaiona randa. Hakuniomba. Aliuliza tu kama anaweza kuishika. Akaigeuza, akafumba jicho moja akatazama chini yake, akachukua kinoo akakaa akinoa kisu kwa muda mrefu hata chai yangu ikapoa. Kisha akaweka ubao wa mkoko juu ya gogo, akazungusha lile gurudumu la shaba kwa kidole, kama aliyezaliwa nalo, akasukuma.

Mara ya kwanza randa iliruka. Mara ya tatu ilitoa sauti ile ndefu ambayo kila mtoto wa mafundi anaijua, na maranda yakaanza kujikunja na kuanguka miguuni pake. Mkaza mjomba alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Hakusema neno. Alisikiliza, kisha akarudi ndani, na tulimsikia akipenga kamasi.

Nilimwuliza kijana kwa nini hakulizuia sanduku lisiuzwe. Akainamisha kichwa.

"Nilikuwa kazini, shangazi. Na nilipojua, niliona haya kusema. Mimi bado mwanagenzi, ningesemaje kwamba vitu vya babu ni vyangu?"

Randa ilibaki Matondoni. Sitakudanganya kwamba haikuniuma, kwani niliitafuta, niliilipia na niliisafisha mwenyewe. Niliondoka na msumeno tu, ambao umenolewa kwa tupa miaka mingi hata umebaki mwembamba usiofaa tena kwa kazi. Huo ndio ulio ukutani kwangu. Mwalimu wa Lamu ndivyo afanyavyo: kilichokufa anakitundika, kilicho hai anamtafutia fundi. Nchini Uingereza pia kuna wanaojitolea ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakifufua zana kuukuu na kuzituma kwa mafundi wa Afrika, Tanzania ikiwamo. Wao wanazivusha bahari kuja kwetu, nasi tulizo nazo tunaziuza kwa mizani.

Sina ugomvi na wanunuzi wa vyuma. Ni riziki yao, na sheria ya mwaka 2015 inawatambua mradi wawe na leseni. Nakumbuka serikali ilipoipiga marufuku biashara hiyo Januari 2022, kwa sababu ya nyaya na nguzo za umeme kuibwa, familia nyingi zilikosa chakula hadi iliporuhusiwa tena mwezi Mei. Jambo ninalolisema linatuhusu sisi wenye nyumba.

Kama mumeo au babako ni fundi, kaa naye jioni moja mfungue sanduku pamoja. Mwulize hiki ni nini, kinafanya nini, alikipata wapi. Andika katika daftari la shule. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwulize pia angependa nani akirithi, na kama hakuna mtoto aliyeshika kazi ile, ni mwanagenzi gani anayestahili. Akisema mwenyewe akiwa hai, hakuna kijana atakayeona haya kudai.

Na wewe fundi unayesoma gazeti hili, usingoje kuulizwa. Mkeo anajua bei ya samaki na bei ya kanga, lakini bei ya randa yako hajui, kwa kuwa hukumwambia.

Ikibidi kuuza, maana shida haina adabu, uza kimoja kimoja kwa mafundi, si kwa kilo. Randa niliyoinunua ilikuwa na uzito wa kilo mbili na ushei. Kwenye mizani ilihesabiwa kama shilingi 90 hivi, nami nilitoa mara kadhaa ya hizo kuirudisha.

Juzi kijana alinipigia simu. Fundi wake amempa ukingo wa mbao za mashua mpya azinyoshe peke yake, kwa mara ya kwanza. Nilimwuliza randa inaendaje.

"Inakula, shangazi," akasema. "Lakini kisu kimebaki kifupi."

Nikamwambia nitamtafutia kingine. Kwa hiyo, msomaji, kama una kisu cha randa nambari 5 kinacholala bure chini ya kitanda, usikitie kwenye mizani kabla hatujaonana.

Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.