Bwawa la Tope Linapopasuka, Kadari Isiwe Kisingizio

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, masahaba wake na kila aliyeifuata njia yao kwa wema. Ama baad.

Ndugu Waislamu, tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope katika mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, mkoa wa Shinyanga, ulibomoka. Tope likashuka, likafunika mashamba na nyumba za majirani wa mgodi. Kwa rehma za Mwenyezi Mungu (s.w.t.) hakuna aliyepoteza maisha. Habari ile ilipotufikia msikitini baada ya sala ya Isha, tulishukuru kwamba roho zimesalimika, kisha mmoja wetu akasema, "Ndiyo kadari," nasi sote tukaitikia. Darsa ikaendelea. Leo tunakiri kwamba tulikosea. Hatukukosea kwa kuiamini kadari, maana hiyo ni nguzo ya imani yetu. Tulikosea kwa kuifanya kufuli ya kufungia maswali.

Tope hili ni la namna gani?

Mgodi husaga mwamba ukawa unga, ukachanganywa na maji, na katika dhahabu aghlabu ikatiwa sianidi, ili madini yajitenge. Tani nzima ya mwamba huweza kutoa gramu chache tu za dhahabu. Kilichobaki, ambacho ni karibu mwamba wote, ni tope, na likiwa na kemikali wataalamu wetu huliita topesumu. Hurundikwa nyuma ya ukuta wa udongo au mchanga. Bwawa la maji kwa kawaida hujengwa likaisha, ama hili la tope hupandishwa hatua kwa hatua kadiri uchimbaji unavyoendelea, miaka ishirini au thelathini. Siku mgodi utakapofungwa na wenyewe kuondoka, bwawa litabaki na majirani zake.

Ipo njia ya kulipandisha ambayo gharama yake ni ndogo: kila tuta jipya hujengwa kwa kurudi ndani, likakalia tope lile lile lililomwagwa zamani. Maji yakizidi humo, tope lililoonekana gumu hugeuka uji kwa ghafla na ukuta mzima ukaondoka. Mwaka 1965 tetemeko la ardhi lilibomoa mabwawa ya El Cobre nchini Chile, wakafa watu zaidi ya 200, na nchi hiyo ikaipiga marufuku njia hii. Wengine hawakuzingatia.

Miongoni mwao ni Brazil. Tarehe 5 Novemba 2015 bwawa la Fundão, karibu na mji wa Mariana, lilipasuka, wakafa watu 19, na tope likafuata mto Doce kwa zaidi ya kilomita 600 hadi baharini. Haukupita muda mrefu, tarehe 25 Januari 2019, likapasuka jingine huko Brumadinho, katika jimbo lile lile. Bwawa hili lilikuwa na kimo cha mita 86 hivi, lilijengwa kwa njia tuliyoieleza, na lilikuwa limeacha kupokea tope kwa miaka kadhaa. Mmiliki wake, kampuni ya Vale, alikuwa pia na hisa katika mgodi wa Mariana. Chini kabisa ya ukuta palikuwa na ofisi na bwalo la chakula la wafanyakazi, na ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Ving'ora havikulia. Wakafa watu 270. Miezi michache kabla yake, wakaguzi walioajiriwa na kampuni walikuwa wametia saini hati inayosema kwamba bwawa ni imara.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya ng'ambo ya bahari peke yake. Majirani zetu wa Zambia waliyaonja tarehe 25 Septemba 1970, pale tope lililohifadhiwa juu ya ardhi lilipodidimia na kuingia ndani ya mgodi wa shaba wa Mufulira, likawaua wachimbaji 89 waliokuwa zamu ya usiku. Na tarehe 18 Februari 2025 ukuta wa bwawa la taka zenye tindikali ulivunjika huko Chambishi. Samaki wakafa katika mto Kafue, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji ya bomba.

Hukumu ya ukuta ulioinama

Huenda msomaji akauliza: fiqhi ina nini na mabwawa ya migodi? Tunajibu kwamba wanazuoni wetu walilizungumza jambo hili karne nyingi kabla migodi hii haijakuwapo. Katika milango ya dhamana wamejadili ukuta wa mtu ulioinamia njia ya watu, ukamwangukia mpita njia. Je, mwenye ukuta ana dhima?

Mahanafi wamesema: akiwa ameonywa, ikashuhudiwa kwamba ameonywa, akapata muda wa kuubomoa wala asiubomoe, basi analipa. Mashafi wametofautisha: aliyeujenga ukuta tangu mwanzo ukiwa umeinamia njia, dhima ni yake. Ama ulionyooka kisha ukainama wenyewe, hapo ndipo penye mjadala.

Hebu tuupime ukuta wa tope kwa mizani hii. Ukuta uliokalishwa juu ya uji umejengwa ukiwa umeinama. Hapo dhima ni ya aliyejenga, hata asipoonywa na mtu. Na ule uliojengwa vizuri kisha ukaanza kutoa maji ubavuni au kupasuka nyufa, ndio ukuta unaohitaji kuonywa mwenyewe mbele ya mashahidi. Hapa, ndugu zangu, ndipo jukumu linapotugeukia sisi majirani. Tukinyamaza, tunampa mwenye ukuta hoja ya kusema kwamba hakuna aliyemwambia.

Vile vile mkaguzi anayetia saini kwamba bwawa ni salama anatoa ushahidi. Na Mtume (s.a.w.) ameihesabu shahada ya uongo katika madhambi makubwa kabisa. Mtaalamu aliyesoma vipimo akajua kwamba maji yamepanda ndani ya ukuta, kisha akaandika kinyume chake ili asipoteze mkataba, asijidanganye kwamba ametia saini karatasi ya ofisi tu.

Kuikimbia kadari kwa kadari

Wapo watakaosema kwamba ajali imeandikwa, na mwanadamu hana hila. Hawa tunawakumbusha kisa cha Umar bin al-Khattab (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham, akapata habari kwamba huko kumeingia tauni. Akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, alimjibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah. Kisha ikathibiti kwamba uamuzi wake uliafiki agizo la Mtume (s.a.w.). Basi kama khalifa hakuwapeleka watu kwenye tauni kwa hoja ya kadari, sisi ni nani hata tuwaache watu walale chini ya ukuta mbovu kwa hoja hiyo hiyo?

Wapo pia wanaosema kwamba mgodi unaleta ajira, na kwamba umesaidia hata misikiti. Ni kweli, na shukrani ni wajibu. Madini ni neema ya Mwenyezi Mungu, wala hatusemi kwamba kuyachimba ni haramu. Lakini mifuko ya saruji na bati za kuezekea msikiti zikitufanya tushindwe kuuliza habari za bwawa lililo juu ya nyumba zetu, basi tujiulize sana tulichopokea kilikuwa sadaka au bei.

Tufanye nini?

Kwanza, kamati ya kila msikiti ulio jirani na mgodi imwandikie mwenye mgodi, na nakala ipelekwe serikali ya kijiji na mamlaka za maji na mazingira. Barua iulize mambo yanayoeleweka: Ukuta umepandishwa kwa njia gani? Nani hupima maji yaliyomo ndani yake, na mara ngapi? Likipasuka, tope litapita wapi na litafika baada ya dakika ngapi? King'ora kipo, na kimejaribiwa lini? Mgodi ukifungwa, nani atalilinda? Haya si maswali ya uchochezi. Mwezi Agosti 2020, kutokana na msiba wa Brumadinho, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, wawekezaji na baraza la kampuni kubwa za madini walitoa kwa pamoja kanuni za kimataifa za usalama wa mabwawa haya, nazo zinataka majirani washirikishwe na taarifa ziwekwe wazi.

Pili, nakala ya barua hiyo ihifadhiwe msikitini pamoja na majina ya waliokuwapo ilipokabidhiwa. Huo ndio ushuhuda waliousema wanazuoni.

Tatu, makhatibu walieleze jambo hili mimbarini kabla ya masika, kwa kuwa maji ndiyo adui mkubwa wa kuta hizi. Khutba ya kuonya ina faida kwa walio hai kuliko khutba ya rambirambi.

Sura ya Saba' imetusimulia watu waliokuwa na bustani mbili, kuumeni na kushotoni, hata walipopuuza shukrani wakaletewa mafuriko ya bwawa, na bustani zao zikageuka vichaka vya matunda machungu. Kila tuisomapo, tukumbuke kwamba kuishukuru neema ni pamoja na kuilinda isiwe nakama kwa jirani.

Nasi tuliosema "ndiyo kadari" tukaendelea na darsa, tunamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe, na atupe ujasiri wa kuuliza wakati ukuta ungali umesimama.

Wabillahi tawfiq.