Kengele Ipo, Mlinzi Yuko Wapi?



Pale Kengeleni, Kisauni, ingali imesimama kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Ilipigwa kuwaonya watu kwamba wateka watumwa wanakaribia. Leo mfanyabiashara wa watu haji kwa jahazi. Huingia Likoni na Changamwe akiwa na mkataba mkononi, akamwahidi binti wa maskini kazi ya nyumbani Arabuni. Afikapo huko, kafili humpokonya pasipoti.

Serikali haiwezi kudai kwamba haina sheria. Sheria ya mwaka 2010 dhidi ya biashara hiyo imemwekea mkosaji kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Idara ya Upelelezi wa Jinai nayo ina kitengo maalumu. Basi mzazi asiambiwe kamwe, "Mwanao alikubali mwenyewe." Kifungu cha 3 kinatamka wazi: idhini iliyopatikana kwa hadaa si kinga kwa aliyehadaa.

Wizara ya Mambo ya Nje ilikiri kwamba Wakenya 89 walifia Saudia katika miaka ya 2020 na 2021. Kitengo hicho kitutangazie hadharani: ni mawakala wangapi wa Likoni, Kisauni na Changamwe walioshtakiwa, na wangapi waliofungwa?

Waliopigania vyama vingi hadi kifungu cha 2A kikafutwa mwaka 1991 hawakutaka kubadilisha bendera tu. Walitaka serikali yenye kujibu. Na ijibu!